Lori leo, treni kesho: kelele za usiku na usingizi wa mtoto wako

Mama mmoja aliniuliza swali siku ya kliniki, mtoto wake akiwa kwenye mzani: "Nesi, wanasema reli inakuja huku kwetu. Sasa hivi malori tu yananitoa usingizini. Treni ikija, tutalala?"

Wenzake kwenye benchi walicheka, lakini wote waligeuka kusikiliza jibu. Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Leo ninakujibu wewe kwa kirefu, maana swali lake lina mambo matatu ndani yake: ukweli kuhusu reli yenyewe, kelele inafanya nini kwenye mwili wa mtoto na wa mama, na hatua unazoweza kuchukua leo bila kusubiri treni.

Reli imefika wapi?

Tuanze na hali halisi. Ngara na Biharamulo hazina reli. Mzigo wa Rwanda unaosafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hushushwa Isaka, mkoani Shinyanga, kisha hupakiwa kwenye malori. Malori hayo, pamoja na yale yanayotoka bandarini moja kwa moja, ndiyo yanayopita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco kuelekea Rusumo na Kabanga, mchana na usiku.

Ila mambo yanasogea. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na ikafika Dodoma Julai 25 mwaka huo huo. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka liliwekwa Juni 2021. Mwaka 2025 ujenzi wa reli ya Uvinza kwenda Musongati, Burundi, ulizinduliwa. Kwa upande wetu, Tanzania na Rwanda walikubaliana tangu Januari 2018 kuhusu reli ya Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo, na michoro ya miaka mingi imekuwa ikiitaja Keza, wilayani Ngara, kama njia panda ya kwenda Burundi.

Hii ina maana kwamba treni haiji wiki ijayo, lakini si hadithi ya kubuni pia. Na mambo ya kelele yana tabia moja: huamuliwa mapema, kwenye michoro na mikutano, kabla jirani hajasikia honi hata moja. Ndiyo maana nakuandikia sasa.

Kelele inamfanya nini mtoto?

Wazazi wengi huogopa masikio. "Mtoto hatakuwa kiziwi?" Treni au lori linalopita kwa dakika moja, wewe ukiwa ndani ya nyumba, si jambo la kawaida kuharibu masikio. Hatari hiyo ipo zaidi kwenye kelele kubwa ya saa nyingi, kama spika za sherehe zilizowekwa karibu na mtoto, au mashine ya kusaga.

Tatizo kubwa la treni na malori ni usingizi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu usingizi wa watoto wadogo. Kwa saa 24, usingizi wa mchana ukiwemo, mtoto anahitaji:

- miezi 0 hadi 3: saa 14 hadi 17
- miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
- mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
- miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13

Mtoto anapolala ndipo ubongo wake unapopanga yale aliyojifunza mchana, na mwili wake unapokua. Akikatizwa mara nyingi, huamka mnyonge, hulialia, na hata kunyonya kwake huharibika.

Utasikia wakisema, "Ataizoea tu." Kuna ukweli nusu hapo. Ni kweli baada ya wiki kadhaa mtu huacha kuamka kila gari likipita. Lakini uchunguzi wa usingizi umeonyesha kwamba hata asiyeamka, moyo wake hubadilisha mapigo kelele inapopita. Kwa mtu mzima anayeishi hivyo kwa miaka mingi, hili linahusishwa na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Kwa hiyo kuzoea kunasaidia, ila mwili haujaacha kusikia.

Ndiyo maana WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 ulioandaliwa kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za treni usiku usizidi desibeli 44 nje ya nyumba, na za barabara zisizidi 45. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Kila zikiongezeka 10, sikio husikia kama sauti imekuwa kubwa maradufu.

Watoto wa shule wamo pia

Mwaka 1975, jijini New York, mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichunguza shule ya msingi iliyokuwa jirani na reli ya juu. Treni ilipita kila baada ya dakika chache, na mwalimu alilazimika kunyamaza hadi ipite. Waliwalinganisha watoto wa madarasa yaliyotazama reli na wale wa upande wa pili wa jengo hilo hilo. Walipofika darasa la sita, watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma.

Habari njema ni kilichofuata. Reli iliwekewa vipande vya mpira chini yake, na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti. Uchunguzi wa mwaka 1981 ulikuta tofauti ile imeisha. Watoto walikuwa na akili zao tangu mwanzo, ila hawakuwa wanamsikia mwalimu.

Kwa hiyo kama una mtoto kwenye shule iliyo kando ya barabara kuu, uliza kamati ya shule: darasa la kwanza na la pili, wanaoanza kujifunza kusoma, wanakaa upande gani wa jengo? Kuhamisha darasa hakuhitaji saruji wala fedha.

Makosa matatu yanayotisha kuliko kelele

Hapa nakuomba usome taratibu. Kwenye kazi yangu siogopi treni kama ninavyoogopa yale tunayofanya kwa sababu tumechoka kukosa usingizi.

*Kosa la kwanza: kumpa mtoto dawa ili alale.* Nimekaa na akina mama walioniambia, kwa aibu, kwamba walimpa mtoto dawa ya mafua ile inayoleta usingizi, kama piriton, ili apitilize usiku. Sikuwagombeza, na wewe sitakugombeza. Mama asiyelala siku nne hufikiria lolote. Lakini dawa hizi kwa mtoto mchanga zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Anaonekana amelala vizuri, kumbe anashindwa kuvuta hewa. Usimpe mtoto dawa ya kumlaza, iwe ya dukani, ya jirani au ya mizizi. Kama umeshampa na ni mlegevu, haamki vizuri, au anapumua kwa shida, mpeleke kituoni sasa hivi na ubebe chupa au pakiti. Sema ukweli. Muuguzi anauhitaji ukweli wako ili amsaidie mtoto.

*Kosa la pili: kufunga nyumba kila mahali huku jiko la mkaa liko ndani.* Usiku wa baridi, kelele nje, unaziba madirisha na uwazi wa chini ya mlango, na jiko unaliingiza ndani ili chumba kipate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia hulala na isiamke. Jiko lenye moto lisilale ndani, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

*Kosa la tatu: kuilaumu kelele kwa kila kilio.* Kwetu malaria ipo. Mtoto anayelia usiku kucha anaweza kuwa anaumwa. Ukiona homa, kupumua haraka, kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege au ulegevu, usiseme ni malori. Nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Na wewe mjamzito, vivyo hivyo. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota nyota, kuvimba uso na mikono, au maumivu makali juu ya tumbo, si uchovu wa kukosa usingizi. Zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Kituoni wakupime shinikizo la damu siku hiyo hiyo.

Unachoweza kufanya nyumbani

Sauti ni kama maji, hupita penye tundu. Ukilijua hilo, utajua pa kuanzia.

*Hamisha kitanda kabla ya kununua chochote.* Chumba cha kulala mtoto kiwe upande wa nyuma, mbali na barabara. Stoo, jiko na sebule vikae upande wa kelele. Kama nyumba ni ya chumba kimoja, sogeza kitanda kwenye ukuta wa mbali, na kisigusane na ukuta, kwa sababu ukuta hupitisha mtetemo.

*Ziba upande mmoja, acha upande mwingine upumue.* Nyumba zetu nyingi zina uwazi kati ya ukuta na bati, na hapo ndipo kelele huingilia. Upande wa barabara, ziba kwa tofali na udongo. Upande wa nyuma, acha wazi na uweke wavu wa mbu. Hewa ni lazima iingie, maana chumba kisicho na hewa huleta magonjwa ya kifua.

*Weka dari.* Bati tupu hupokea sauti na kuishusha juu ya kitanda. Dari ya mbao, ya silingibodi au hata ya mikeka iliyofungwa vizuri husaidia. Misumari ya bati iliyolegea igongwe upya, kwa sababu mara nyingine si lori linalomwamsha mtoto, ni bati linalotetemeka.

*Mlango mzito ni bora kuliko pazia.* Pazia jepesi huzuia macho, si sauti. Mlango wa mbao nene unaofunga vizuri, na kitambaa kilichokunjwa chini yake upande wa barabara, hufanya kazi zaidi.

*Usitegemee migomba peke yake.* Migomba ya kibanja huficha barabara, na usipoliona lori moyo hutulia kidogo. Lakini majani hayazuii sauti sana. Kinachozuia ni kitu kizito kisicho na tundu, kama ukuta wa tofali au tuta la udongo lililo refu kuliko dirisha lako.

*Radio isimlaze mtoto.* Sauti laini ya mama akiimba inatosha. Radio iliyowekwa karibu na kichwa cha mtoto ili kufunika kelele ya nje ni kelele juu ya kelele. Wala usimzibe masikio kwa pamba, kwani inaweza kuingia ndani ikakwama.

*Mtoto mchanga alale chali, kwenye godoro gumu, ndani ya chandarua.* Usimfunike kichwa kwa kanga ili asisikie. Anaweza kukosa hewa.

*Mama naye alale.* Gawaneni usiku. Baba anaweza kumbembeleza mtoto aliyekwisha kunyonya. Bibi au wifi akiwepo, achukue zamu ya alfajiri. Lala mtoto anapolala mchana, vyombo vitasubiri. Na kama umejifungua karibuni, unalia bila sababu, huoni raha kwa mtoto, au unapata mawazo ya kujidhuru, usinyamaze. Kukosa usingizi huzidisha hali hiyo, na inatibika. Mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii au njoo kituoni.

Treni ya umeme: kelele kidogo, hatari ya namna nyingine

Treni za SGR ya Tanzania zinatumia umeme. Hazina muungurumo wa injini ya dizeli, ingawa magurudumu juu ya chuma, upepo wa mwendo na honi bado vinasikika. Ukilinganisha na foleni ya malori yanayokanyaga breki, huenda baadhi ya nyumba zikapata nafuu mzigo ukihamia kwenye reli. Tusiogope kila kitu.

Lakini mlezi aelewe jambo moja. Treni ya abiria ya SGR imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 hivi kwa sekunde moja, yaani urefu wa uwanja wa mpira kwa sekunde mbili na kitu. Mtoto aliyezoea kusikia lori likiwa mbali hatapata muda huo. Juu yake kuna nyaya zenye umeme mkubwa unaoua. Siku reli ikifika, fundisho la kwanza nyumbani liwe kwamba uzio haurukwi, mbuzi hafuatwi ndani ya uzio, na tunavuka kwenye kivuko tu.

Na hata leo, barabarani, kuna jambo la kupima kwa busara. Wengi hulalamikia matuta kwa sababu lori tupu likiruka tuta hugonga kama ngoma. Ni kweli. Lakini tuta hilo liliwekwa ili mwanao avuke akiwa hai. Usiombe liondolewe. Omba alama za kutahadharisha ziwekwe mapema ili dereva apunguze mwendo taratibu.

Kelele haina fidia, kwa hiyo sema mapema

Wengi wanadhani waliopo jirani na mradi wote watalipwa. Fidia kwa sheria zetu hujengwa juu ya ardhi na mali inayotwaliwa. Aliye ndani ya eneo la mradi hupimwa, hulipwa na huhama. Aliye hatua chache nje ya mpaka hubaki. Hapati fidia, lakini kelele anaipata kila usiku. Mara nyingi huyo ni mama mwenye watoto wadogo ambaye hakwenda mkutanoni kwa sababu alikuwa jikoni.

Mlango wako uko hapa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi mkubwa kama reli ni lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe. Tangu mwaka 2015 zipo pia kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, na msimamizi wake ni NEMC. Wapimaji wakija kijijini, au mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, nenda. Kama huwezi, mtume mtu na maswali haya:

- Njia itapita umbali gani kutoka shule, zahanati na nyumba za watu?
- Penye nyumba karibu, kutajengwa ukuta au tuta la kuzuia kelele?
- Watoto na mifugo watavukia wapi?
- Wakati wa ujenzi, miamba italipuliwa saa ngapi, na tutajulishwa vipi?
- Malalamiko ya kelele yatapokelewa na nani, na atajibu ndani ya siku ngapi?

Usione aibu kuuliza habari ya ukuta. Wakenya walipopitisha SGR yao juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, daraja liliwekewa kuta za kupunguza kelele ili wanyama wasisumbuke. Kama simba amefikiriwa, mtoto wa darasa la kwanza naye afikiriwe.

Anza kuandaa ushahidi wako sasa. Kwenye daftari, kwa siku saba, andika ni mara ngapi kelele imekuamsha kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, na mtoto ameamka mara ngapi. Kipimo rahisi cha ukubwa ni hiki: kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upaze sauti, kelele hiyo ni kubwa mno. Daftari la mama mmoja ni malalamiko. Madaftari ya akina mama ishirini, yakikabidhiwa kwa mtendaji wa kijiji, ni ushahidi.

Na kama unataka kujenga, usijenge karibu na barabara kuu kwa sababu ya biashara ukasahau kitanda cha mtoto. Duka likae mbele, nyumba ikae nyuma. Reli ikishawekewa alama za mpaka, usijenge ndani ya hifadhi yake hata kama umeonyeshwa kiwanja kwa bei nzuri.

Mama yule wa kliniki alirudi mwezi uliofuata. Alikuwa amehamisha kitanda upande wa nyuma, na mume wake amegonga misumari ya bati. Malori hayajapungua hata moja. Ila mtoto, aliniambia, sasa anaamka mara mbili badala ya mara tano. Uzito wake ulikuwa umepanda. Safari hii swali lake lilikuwa lingine: mkutano wa kijiji ni lini?

Mkutano ukitangazwa, nenda naye.